Kamba Nyekundu ya Kasiano

Nakumbuka asubuhi moja pale Kipili, mwanangu, asubuhi isiyo na upepo, ziwa limetulia kama uji uliopoa. Mpaka leo nikisikia mashine ya boti ikiwashwa, hugeuka kwanza kumtazama mwendeshaji mkononi.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, na vitu tulivyozoea kuvisikia tu vikaanza kuonekana. Shemeji yangu Kasiano, mume wa dada yangu mkubwa, aliuza mahindi na ulezi akanunua mashine ya kufunga nyuma ya boti. Mimi nilikuwa likizo kutoka chuo kikuu. Nilishuka na lori kutoka Sumbawanga, sweta bado mwilini, kwenda kumsaidia kupakia mizigo. Nilikuwa mtu wa kuhoji kila kitu. Tabia hiyo sijaiacha. Mvi zimenikuta nayo.

Basi nikamhoji. Mashine ile ilikuwa na kamba nyekundu iliyojikunja kama mkia wa nguruwe. Ncha moja ilikuwa na kibanio kilichochomekwa chini ya kitufe cha kuzimia. Ncha ya pili mwendeshaji anajifunga mkononi.

"Hii ya nini, shemeji?"

"Nikianguka, inachomoka, mashine inazima yenyewe."

"Na usipojifunga?"

"Inakwenda bila mimi." Akacheka. "Wewe na maswali yako, utamuuliza hata Mtakatifu Petro mlangoni."

Asubuhi hiyo alijifunga. Tulikuwa na magunia ya mahindi na abiria mmoja, Mzee Masanja, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia kwetu na ng'ombe wake. Alikuwa anakwenda kijiji cha pili kumwona binti yake aliyejifungua. Vijana waliokuwa wakianika dagaa ufukweni wakaiona ile kamba.

"Oya, Kasiano! Mkeo kakufunga usitoroke?"

"Hata mbuzi wa padri hafungwi hivyo, mshikaji!"

Mzee Masanja hakupendezwa. "Kwetu ndama anayefungwa ni yule tunayemtaka," akasema.

"Mimi si ndama, baba," Kasiano akajibu, na ufukwe mzima ukaangua kicheko, nami nikiwamo. Akaivua kamba. Akachukua kandambili kuukuu, akaikata kipande kwa kisu, akakibana chini ya kitufe mahali pa kile kibanio.

Usidhani ulikuwa ubunifu wake. Boti nyingi za pale zilikuwa na kipande cha kandambili kwenye mashine. Watu waliona kamba ni usumbufu: ukigeuka kuvuta wavu, inachomoka, mashine inazima. Kandambili haichomoki. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake.

Tukasukumwa hadi maji ya kina. Jana yake, Kasiano alipofika aliizima mashine bila kuitoa kwenye gia, na mkono wa gesi, ule unaoongeza mwendo, akauacha wazi. Asubuhi hakuangalia. Vijana walikuwa wanamtazama, naye alitaka kuondoka kwa kishindo. Akasimama, akavuta kamba ya kuwashia kwa nguvu zake zote. Mashine ikawaka papo hapo, boti ikaruka mbele kama punda aliyechomwa mkuki, na Kasiano akabaki hewani. Akaanguka majini chali.

Wakacheka kule ufukweni. Mwanangu, hata yeye alipoibuka alikuwa anacheka, anajipangusa uso.

Lakini mashine isiyoshikwa na mtu hainyooki. Mpini hujipinda upande mmoja na boti huzunguka. Tukapiga duara, tukamrudia. Nilimwona akiacha kucheka. Tukampita karibu hata ningeweza kumgusa nywele, tukaanza kuzunguka tena. Mzee Masanja alikuwa analia kwa Kisukuma. Mimi nilikuwa mbele. Nikatambaa juu ya magunia, nikafika nyuma, nikaikwangua ile kandambili kwa kucha. Ilikuwa imebanwa kisawasawa. Ilipotoka, kitufe kikaingia ndani, mashine ikanyamaza.

Tulikuwa tumechelewa. Duara la pili lilikuwa limeshamfikia. Tulipomvuta ndani, aliniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu aliyesahau kitu sebuleni: "Shemeji, kiatu changu kiko wapi?"

Kiatu kilikuwa bado mguuni. Mguu ndio uliokuwa unaning'inia. Mzee Masanja alivua mshipi wake wa ngozi, akamfunga paja, akakaa mbele ya goti lake, akimziba Kasiano asiutazame mguu.

Lori likampandisha mlima mpaka hospitali ya Sumbawanga. Aliishi. Mguu wa kulia ulikatwa chini ya goti.

Walikuja watu wengi kumjulia hali, na wote walileta methali moja: ajali haina kinga. Niliisikia mpaka ikanichefua. Wahenga nawaheshimu, lakini hapo nawabishia. Ajali ile ilikuwa na kinga. Ilikuwa nyekundu, ilikuja pamoja na mashine, na wakati mwenyewe anakatwa, yenyewe ilikuwa chini ya kiti cha boti.

Wale vijana wa ufukweni nao walipanda kuja hospitali, kofia mikononi, na jogoo. Walimkuta mama yake Kasiano, mjane wa mtaa wa Izia pale mjini, ameketi kwenye benchi nje ya wodi.

"Shikamoo, mama. Pole. Ndiyo hivyo, ajali haina kinga."

"Marahaba. Jogoo nimempokea," akasema. "Maneno hayo rudini nayo."

Wakainama.

"Nani alimwambia mwanangu avue kamba?"

Kofia zikazungushwa mikononi.

"Siwalaani. Ningekuwa na nguvu ya kulaani ningeitumia kumbeba, maana hata chooni anabebwa. Ninachosema ni hiki: kicheko mlikwenda nacho nyumbani. Mguu umebaki hapa. Siku nyingine mkitaka kumcheka mtu, mngojeni afike salama, ndipo mumcheke."

Kasiano anaendesha boti hadi leo, mwanangu. Anaendesha ameketi.

Sasa nisikilize, wewe unayekwenda kuendesha boti. Kabla hujagusa kamba ya kuwashia, hakikisha gia iko huru na gesi imefungwa, hata kama ni wewe mwenyewe uliyeiacha jana. Anayejiamini kuwa anakumbuka ndiye anayesahau. Kamba ya kuzimia jifunge mkononi, na usiweke kandambili wala kijiti mahali pake. Ikichomoka bure utapoteza dakika tu. Gesi iongeze taratibu, umekaa. Nyasi zikinasa kwenye pangaboi, mapanga yale yaliyomkata Kasiano, zima kwanza, kisha ndipo uinue mashine. Mtu akiwa majini usimfuate mashine ikiwaka. Na abiria wako, hata bibi kizee, mshikishe kwa mkono wake mahali pa kuzimia, maana hujui nani atabaki ndani siku utakapotoka nje.

Hoji kila kitu, sikukatazi. Mimi pia nilihoji, nikajibiwa vizuri, kisha nikacheka na wenzangu. Ukishapata jibu, lifanyie kazi kabla halijapoa. Watakaokuita mwoga hawatalala wodini na wewe.

Nenda, mwanangu. Mungu atulize maji mbele yako, akupe mkono mpole kwenye gesi na sikio gumu kwa wenye kejeli. Ziwa likupeleke, ziwa likurudishe, na kila utakapofika ushuke kwa miguu yako miwili.