Ishuku Plaiwudi Kabla ya Binamu

Nakumbuka siku moja ya Jumanne, mwanangu, mvua za kwanza za Desemba zikiipiga Nachingwea, nilisimama mbele ya mashine ya leza nikishtakiwa kwa kosa la kuunguza harusi. Kaa vizuri nikusimulie. Na usinitazame hivyo, ukijiuliza huyu wa kidato cha tatu ni nani hata aniite mwanangu. Nina mvi za kuzaliwa nazo kisogoni, darasani wananiita Mzee, na wewe ndiyo kwanza unaingia sekondari na sare inayokuzidi mabega. Uzee si miaka peke yake. Kuna na hesabu ya mambo uliyosingiziwa, na hapo nimewazidi wengi wenye fimbo.

Karakana hii ni ya Mjomba Hamisi, kaka yake mama, nyuma ya soko. Anachonga mihuri, ngao za mahafali, vibao vya majina ya milangoni, na vile vidude vya kuning'iniza funguo. Mimi na binamu yangu Shaibu, mwanawe wa kuzaa, ndipo tunaposhinda kila likizo. Kwetu huku, mwanangu, baba anakupa jina lakini mjomba ndiye anayekupa hukumu, kwa hiyo akisema jambo limekwisha, limekwisha.

Wiki ile tulikuwa na kazi ya nyumbani. Dada yetu Zuhura alikuwa anaolewa Ruangwa siku ya Jumamosi, na Mjomba aliahidi ukuta mdogo wa mapambo wa kusimama nyuma ya viti vya maharusi: majina yao mawili yamekatwa kwa plaiwudi nyembamba, maua na majani yamezunguka pande zote. Dukani plaiwudi ya milimita tatu ilikuwa imekwisha. Mjomba akakumbuka kwamba mwaka jana, alipokuwa na kazi Ruangwa, aliacha ubao mmoja mzima kwa mama yake, bibi yetu wa Chinongwe. Jumatatu ukaletwa na gari, Shaibu akaupokea stendi na kuja nao kichwani mvua ikinyesha. Tukaukata vipande vinne vya kuenea kwenye kitanda cha mashine. Ukuta ulihitaji viwili. Viwili vya akiba. Kwa hesabu ya Mjomba, tulikuwa matajiri.

Sasa nisikilize hapa maana ndipo penye ufundi. Mashine ya leza haijui harusi wala haijui plaiwudi. Inajua mambo mawili tu unayoyaandika: nguvu ya mwale na kasi ya kupita. Ni kama pasi ya mkaa na shati lako jeupe. Pasi ikiwa na moto mwingi ukaipitisha polepole, unakwenda shule na alama ya pasi mgongoni. Ikiwa na moto kidogo ukaikimbiza, shati linabaki na makunyanzi ya jana. Ukitaka kuchora maandishi unatumia nguvu ndogo na unakimbia. Ukitaka kukata hadi upande wa pili, unaongeza nguvu na kutembea pole. Kati ya hapo na hapo ndipo kazi zinapoharibikia.

Mjomba alikuwa na namba zake. Kukata, nguvu sitini, kasi kumi na tano. Kuchora, nguvu ishirini, kasi mia tatu. Alipewa Dar na aliyemuuzia mashine, akazishika kama mtu aliyehifadhi msahafu. Mimi namba inayoaminiwa na watu wote huwa naishuku. Nilimwambia asubuhi ile, Mjomba, ubao huu umekaa mwaka mzima tusipouona, tujaribu kwanza pembeni, vijisanduku vidogo tu. Akanijibu kwamba kujaribu-jaribu ni kazi ya watu wasiojua. Akabonyeza.

Kipande cha kwanza hakikufika nusu. Mwale ulipoingia katikati ya jina la Zuhura, ulipanda mwali wa njano, ukalamba herufi nne, na moshi mweusi ukajaa chini ya kifuniko hadi feni ikawa inakohoa. Shaibu akazima mashine, akawahi na kitambaa kibichi. Zuhura akabaki Zu. Kipande cha pili tukakiweka kwa namba zilezile, na hiki kikafanya ukaidi wa aina nyingine: upande mmoja kimekatika, upande mwingine mwale umekwaruza juu tu kama kucha ya paka.

Mjomba hakuitazama mashine, mwanangu. Alinitazama mimi.

Na alikuwa na sababu. Wiki moja kabla nilimchora kwenye kipande cha mbao akiwa amelala mdomo wazi, nikakitundika mlangoni, na chini nimeandika "Mkurugenzi yuko kikaoni." Wateja walikiona kabla yake. Mwenye nyumba alikiona. Imamu alikiona, akatabasamu, akapita. Mjomba alikuwa wa mwisho kujua. Sasa ukiwa na historia ya namna hiyo, siku kitu kikiungua hakuna anayetafuta kiberiti.

"Nani amegusa namba?" akauliza.

Nikamwambia namba hazijaguswa, zipo pale pale, sitini na kumi na tano. Akasema basi nimegusa lenzi. Nikasema lenzi sijaigusa. Akasema basi nimegusa kitu ambacho yeye bado hajakijua. Kwa shtaka hilo, mwanangu, hata wakili wa Dar angevua joho akaenda nyumbani.

Hukumu ikatoka palepale. Kesho asubuhi nipande gari la Lionja nikamsaidie baba shamba, na mashine nisiiguse tena, si likizo hii wala nyingine. Aliisema kwa sauti ya chini, na Mjomba akishusha sauti huwa hatanii. Mimi shamba siliogopi. Lakini mashine ile ndiyo kitu pekee duniani ambacho nikikiambia jambo kinalifanya bila kwanza kuniangalia usoni. Nikafuta macho, nikasingizia moshi.

Shaibu alikuwa kimya. Nikamshuku. Usicheke, na wewe ungemshuku. Mimi nikiondoka, mashine inabaki yake. Tena yeye ndiye aliyeupokea ubao, yeye ndiye aliyeulaza kitandani, na kimya chake kilikuwa kimya cha mtu anayehesabu urithi. Nikamvuta nyuma ya karakana, chini ya bati linalovuja, nimhoji kama polisi. Binamu kwa binamu tuna utani wetu, kwa hiyo nikaanza kwa kumwambia uso wake siku zote nimeujua ni wa mwizi.

"Na wako ni wa mbuzi aliyekula nguo za watu," akasema. "Muulize mwali, mimi sikuupandisha."

Hapo ndipo nikauona uso wake vizuri. Paji limebabuka. Ngozi imefanya weusi na kuchubuka kama mdomo wa mtoto aliyeng'ata korosho mbichi na ganda lake. Vidole vivyo hivyo. Nikafurahi, mwanangu, furaha mbaya kabisa, nikajua nimemkamata: ameiba korosho za mtu. Nikamwambia akiri tu, nitamwombea.

Akaapa. Akaniambia hajagusa korosho tangu likizo ianze, labda zile za kukaanga za kwenye kikaratasi. Nikamuuliza basi paji limebabuliwa na nini, ulilala kwenye jiko? Akafikiri. Akasema jana alikuwa mzima, alichobeba kichwani ni ule ubao tu, na mvua ilikuwa inamchuruzikia machoni hadi yakamwasha.

Tukatazamana. Kisha kila mmoja akanusa mikono yake.

Ule moshi wa asubuhi ulikuwa unanikereketa kooni kwa namna niliyoijua nikakosa jina lake. Wewe umezaliwa huku, unaujua. Ni moshi wa maganda ya korosho yanapochomwa, ule unaowafanya kina mama wakae upande unakotoka upepo na watoto wafukuzwe uani. Mafuta ya ganda yale yanababua ngozi, na yakikutana na moto hayaungui, yanaruka. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee, na sisi chetu tulikuwa tumekilaza kitandani.

Lakini kwenda kumwambia Mjomba "ubao una mafuta ya korosho" kungekuwa mchezo mwingine wa Mkurugenzi kikaoni. Nani angeniamini? Nikaingia ndani, nikamwomba simu ili nimuage Bibi kabla sijahamishiwa Lionja. Akanipa bila kunitazama. Nikaweka sauti ya nje.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mvi zangu. Umeharibu nini?"

Unaona? Hata Chinongwe wananishuku. Nikamwambia sijaharibu kitu, nimezikumbuka korosho zake tu. Nikauliza, kama mtu anayepitisha muda, mwaka huu amebangulia wapi.

"Ah, mwaka huu nimekaa kama bibi harusi," akasema. "Sikubangulia chini kwenye vumbi. Mjomba wako aliniachia ubao mpana, mwembamba, unatulia kama meza. Tunachoma, tunamwaga hapo, tunagonga, mimi na jirani zangu, msimu mzima. Alipoutaka nikausugua kwa majivu na maji mengi, nikauanika. Umefika mweupe, eh?"

Mvua ikasikika kwenye bati. Mjomba alikuwa ameshika kile kipande chenye Zu.

"Nani huyo anapumua?" Bibi akauliza. "Hamisi? Ubao umefika?"

"Umefika, mama," akasema Mjomba. "Asante."

Basi. Angefanya nini? Mtu hampeleki mama yake Lionja.

Wajomba hawaombi radhi, mwanangu, wananunua sambusa. Tulipokwisha kula akanisogezea kiti cha mashine kwa mguu, akasema, "Haya, vijisanduku vyako." Tukavikagua vipande viwili vilivyobaki kwa zamu, kwa pua na kwa macho. Penye doa palikuwa na rangi ya chai iliyokolea. Majivu yalipunguza doa juu, mafuta yakabaki ndani. Na yale maji mengi ya Bibi yalikuwa yameubenjua ubao. Ndiyo maana kipande cha pili kilikatika upande mmoja tu: ubao ukipanda na kushuka, mwale unaupata hapa na kuukosa pale. Tukavikandamiza vipande usiku kucha chini ya betri mbovu za gari.

Asubuhi nikakata vijisanduku pembeni mwa kila kipande, vidogo kama kifungo cha shati. Kimoja kwa namba za Mjomba, kingine nguvu ileile na kasi zaidi, kingine nguvu pungufu. Shaibu alisimama na kitambaa kibichi kama askari wa zamu. Kwa namba za Mjomba, kijisanduku kilidondoka lakini kingo zake zilikuwa mkaa. Tulipokimbia zaidi na kupita mara mbili juu ya mstari uleule, kikadondoka kingo zikiwa na rangi ya asali, hakuna mwali. Tukayasogeza majina mbali na madoa. Maua tukayapunguza, ukuta ukawa mdogo kuliko ulioahidiwa. Lakini Zuhura akawa Zuhura mzima.

Jumamosi, Ruangwa, watu wa mstari wa mbele walikuwa wanauliza nani anakaanga korosho. Sisi tuliangalia juu. Bibi aliyekaa karibu na ukuta alinusa, akanusa tena, akanishuku. Akaniita nikae chini karibu na miguu yake. Kumbe Shaibu alishamsimulia yote.

"Ulikuwa na ukweli tangu asubuhi," akaniambia, "lakini ulipita kwenye simu yangu kwa sababu kwenye mdomo wako usingepokelewa. Mtu akichekesha watu kila saa, siku akilia wanangoja sehemu ya kuchekesha."

Nilikuwa na jibu zuri sana la mzaha. Nikalimeza, na likakereketa kuliko ule moshi.

Kwa hiyo, mwanangu, utakapokaa kwenye mashine hii, na najua utakaa kwa sababu nimekuona unavyoikodolea macho, shuku. Ishuku plaiwudi, hata mpya ya dukani, maana gundi ya katikati huioni na mbao mbili zenye sura moja si ndugu. Muulize aliyeileta ilikuwa wapi na ilifanya kazi gani. Jaribu pembeni mwa ubao uleule unaoukata, sio kwenye kipande cha ubao wa mwaka juzi. Geuza kitu kimoja kwa mara moja, nguvu au kasi, maana ukigeuza vyote utapona au utaungua na hutajua kwa nini. Usiondoke mashine ikiwa inakata, hata ukiitwa na chakula. Na ukimaliza kushuku ubao, namba, lenzi na feni, ndipo uwe na ruhusa ya kumshuku binamu yako. Mimi nilianzia kwake, na paji lake lililobabuka ndilo lililoniokoa. Mizaha usiache, nani angekaa na wewe? Ila iwekee kiasi, ibaki na wewe akiba ya kuaminiwa siku ya moto.

Namba nilizokutajia ni za Mjomba, na kwa ubao wa Bibi hazikufaa. Nami usiniamini. Nenda kakate vijisanduku vyako.

Mola akujalie moshi mwembamba na kingo za rangi ya asali, akupe mjomba anayesikia kabla ya kuhukumu, na siku utakaposema neno la kweli, apatikane mtu wa kulipokea bila kucheka. Amina. Sasa funga kifuniko cha mashine, nimekuona.