Golikipa wa Mgongoni

Juzi nilikuwa Kericho katika duka la dawa, nikingoja dawa ya magoti. Masikio yangu, ashukuriwe Mungu, hayaumi. Mwenye duka ndiye aliyewanunulia vijana wa shamba la chai mpira na fulana, akatangaza kwamba mchezaji wake akiugua atatibiwa bure.

Akaingia mama mmoja mchuma chai, mtoto mgongoni anawaka homa. Mkononi hakuwa na kitu.

"Huyu ni mchezaji wako, bwana," akasema, uso mkavu.

Mwenye duka akamgusa mtoto paji la uso. "Anacheza wapi?"

"Golini. Mpira ukija anaushika. Kusimama tu ndiyo bado."

"Jumamosi tulifungwa mabao sita. Alikuwa wapi?"

"Si alikuwa mgonjwa, bwana?"

Yule bwana hakucheka. Alipima kwinini, akamnywesha mtoto kwa mkono wake mwenyewe, kisha akasema, "Mlete kesho nimwone tena. Timu inamtegemea."

Wanaume wanamcheka kwamba timu yake inafungwa kila Jumamosi. Wacha wacheke. Sisi kina mama tunaiombea, ifunge au ifungwe, mradi isivunjike.