Mchunga, Sampuli ya Kumi na Nne

Tulimwita Zambarau kwa sababu ya vidole vyake. Dawa ya kupimia ni ya rangi hiyo, na kwa miaka kumi na tisa aliimimina bila kuvaa glavu, mkaidi yule. Mimi naosha chupa kwenye maabara hiyohiyo, kwa hiyo haya niliyaona kwa karibu, na mengine aliniambia mwenyewe.

Kazi yake ilikuwa kupima majani ya porini yanayolika: mnavu, mchunga, mchicha pori. Anayakausha, anayatwanga, anayaloweka, kisha anatia matone kwenye ile dawa. Jani likiwa na antioksidanti nyingi, yaani zile chembe zinazozuia seli zisiharibike, jinsi limau linavyozuia parachichi lililokatwa lisiwe jeusi, rangi ya zambarau inafifia na kuwa njano. Basi, ndiyo kazi yote. Watu walimcheka kwamba amesomea mboga.

Majani alikuwa analetewa na dada yake mkubwa, aliyemlea baada ya wazazi wao kufariki, tena kwa mboga hizohizo. Kila Jumatatu alikuja na kapu, anakaa kwenye kiti changu bila kuniuliza, anasubiri majibu kama mzazi wa mtahiniwa. Jumatatu moja mchunga uligeuza dawa kuwa njano kabla Zambarau hajatazama saa. Dada mtu akauliza, "Mchunga umeshinda?"

"Umeshinda yote, Dada," akajibu, huku anacheka.

Hakueleza zaidi. Angesema tu kwamba umeshinda ndani ya chupa, na chupa si mwili. Nilikuwepo, nikanyamaza na mimi, na hilo linaniuma mpaka leo.

Wakati huo dada alikuwa na saratani ya titi, anachomwa sindano hospitali kila baada ya wiki tatu. Sindano zilimtapisha sana. Akaziacha kimyakimya, akawa anakunywa maji ya mchunga asubuhi na jioni. Zambarau alikuja kujua mwezi wa nne tangu aziache, alipofungua droo ya dada kutafuta mkasi, akakuta kadi ya hospitali: tarehe tano zimepita, hakuna hata moja yenye muhuri.

"Dada, kwa nini?"

"Si wewe ulisema umeshinda yote? Sasa nimwamini nani mwingine, mdogo wangu?"

Alimbembeleza, akalia, akampeleka hospitali. Daktari aliwapokea vizuri, akawaambia ukweli: ugonjwa umeshafika kwenye mapafu. Wanasema majuto ni mjukuu. Yake aliishi nayo chumba kimoja wiki sita, akimgeuza dada yake ubavu na kumnywesha uji kwa kijiko.

Baada ya mazishi, siku ya tatu, alirudi kazini. Kwenye rafu ulikuwa umebaki mfuko mmoja wa karatasi, mchunga, sampuli ya kumi na nne, na chini yake mwandiko wa dada: "Nimeuanika kivulini, kama ulivyoniambia."

Nikamwambia, "Kaka, huo uache."

Akautwanga, akauloweka, akatia matone, akasimama kuangalia.

Rangi ikaisha papo hapo. Namba ya kipimo ilikuwa kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Aliiandika kwenye daftari kama ilivyo, kwa sababu ilikuwa kweli, kisha akanipa chupa niioshe.