Mashimo Niliyoyafukia

Nilipouza mashine zangu za kuchapa mabango Nairobi, nilidhani nimeuza uchovu. Shangazi wa mke wangu alikuwa ameahidi kunipa mteremko wake nilime, huko Mbinga, kusini mwa Tanzania, na mimi nilikuwa nimejaza daftari zima mafunzo ya permakalcha. Mke wangu alibaki na kazi yake Nairobi mpaka shamba lisimame.

Kwa anayelisikia neno hilo mara ya kwanza, permakalcha ni kilimo cha kuuiga msitu: ardhi haiachwi uchi, maji hayapotei, miti na mazao hukaa pamoja mpaka shamba lijilishe lenyewe. Bado naamini ni jambo jema, na kama wewe unayesoma unawaza kuondoka mjini, sitakukataza. Kosa lilikuwa langu, si la daftari.

Mteremko niliopewa ulikuwa umejaa mashimo. Wamatengo, wenyeji wa huko, huyaita ngoro. Nikueleze yanavyotengenezwa, maana mimi wakati ule sikuuliza. Mvua zikielekea ukingoni, mnamo Machi, wanaume hufyeka nyasi ndefu na kuzilaza kwa mistari inayokatana, hadi kilima kizima kiwe na miraba. Kisha wanawake huingia na majembe, huchimba katikati ya kila mraba, na kwa udongo wanaoutoa hufunikia nyasi mpaka ziwe matuta. Maharage hupandwa kwenye matuta hayo, nyasi huoza chini yake zikawa mbolea, na shimo la katikati huimeza mvua. Msimu unaofuata hupandwa mahindi.

Mimi niliona mashimo tu. Daftari lilitaka makingamaji, yaani mitaro mirefu inayokata kilima kwa usawa. Nikawaajiri akina mama majirani, tukayafukia mashimo yote na kuchimba mitaro minne. Tulikuwa kwenye mtaro wa mwisho shangazi alipokuja kutazama.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba, mkwe. Naona unalima mto.”

Akina mama walicheka mpaka wakaegemea majembe yao. Nami nilicheka, kisha nikaokota kijiti nikamchorea ardhini jinsi maji yatakavyotulia na kuzama polepole. Napenda kueleza. Yeye alinisikiliza hadi mwisho.

“Nimekuelewa. Shimo langu likijaa, linammwagia mwenzake kikombe. Huu wako ukijaa, unammwagia nani?”

“Hautajaa, shangazi.”

Akageuka kutazama bondeni, kwenye kahawa yake. Mibuni ile aliipanda na marehemu mumewe, na ilianza pale pale mteremko wangu ulipoishia.

“Haya,” akasema. “Wewe ndiye uliyesoma.” Wala hakuwa ananikejeli.

Januari ilinyesha siku tatu mfululizo. Siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana, mtaro wa juu ulikatika mahali ambapo fuko alikuwa ametoboa ukingo. Maji yake yaliujaza wa pili, nao ukakatika, kisha wa tatu na wa nne. Nilikuwa nimesimama pembeni na jembe mkononi. Sauti ya maji haikuwa kubwa, ilikuwa kama ya gunia linaloburutwa sakafuni. Udongo wote tulioulegeza tulipofukia mashimo uliondoka pamoja na miche yangu ya miparachichi, ukaenda kulala juu ya kahawa ya shangazi. Safu tatu za kwanza zilizama, yakabaki matawi ya juu tu.

Nilimkuta shangazi akiondoa tope kwa mikono kwenye mbuni mmoja. Nikapiga magoti nimsaidie.

“Acha, mkwe. Unakanyaga mizizi.”

Jioni nilimpigia simu mke wangu. Aliuliza, “Shangazi amesema nini?”

“Hajasema kitu.”

“Basi amekasirika kweli.”

Februari nilishuka Lituhi kununua dagaa, maana shambani hapakuwa na cha kuvuna. Mto wa bondeni kwetu humwaga maji kwenye mto Ruhuhu, na Ruhuhu huishia Ziwa Nyasa karibu na hapo. Ziwa lilikuwa na rangi ya chai ya maziwa hadi mbali. Muuza dagaa aliniuliza natoka wapi, nikamwambia Mbinga.

“Ahaa! Nyie watu wa milimani, mbona mnatuletea mashamba yenu huku? Sisi tunataka samaki, bwana!”

Alikuwa anatania. Nikamlipa, nikaondoka.

Machi, bila kuitwa, shangazi alipanda mteremko na wale akina mama wenye majembe. “Hatukukufuata wewe,” alisema. “Tumefuata kahawa iliyobaki. Mvua itarudi mwakani. Haya, wewe ni mwanamume, laza nyasi.”

Kwangu hazikuota tena, kwa hiyo nilizifyeka kwenye kilele na kuzibeba kichwani. Siku mbili nililaza nyasi, mstari kwa mstari, na kwa mara ya kwanza tangu Januari nikajisikia mtu. Siku ya tatu wakaanza kuchimba. Jembe la kwanza liligonga kama limepiga tofali. Wakahamia mraba mwingine, kisha mwingine chini zaidi. Palikuwa pekundu, pagumu, hapamegeki.

Shangazi aliinama, akakwangua kwa kucha, akapukuta vidole.

“Hapa hakuna udongo wa kufunikia,” alisema.

Nilingoja mmoja wao atanie. Waliyafuta majembe, wakaniaga kwa upole, wakashuka kwa kupitia mbali ili wasiikanyage ile kahawa.

Ile miraba bado ipo, ya nyasi kavu juu ya ardhi ngumu. Kila asubuhi nakuta upepo umezisogeza, nami nazirudisha kwenye mistari yake. Mke wangu ameacha kuniuliza lini aje.