Kikohozi Nyuma ya Pazia

Fundi cherehani hushona kidogo, kisha huondoa mguu kwenye pedali akatega sikio. Wateja hudhani cherehani ni mbovu. Nyuma ya pazia wanacheza binti zake wawili, wote wana pumu. Mkubwa hukohoa mpaka nyumba ya tatu wanasikia, na huyo hamtishi sana. Pumu ya mdogo huja kimyakimya, ndiyo maana mfuko wa aproni hautiwi chaki wala pini, ni dawa ya kuvuta tu. Jana mteja alichungulia, akasema, "Huyu mdogo katulia, dada. Hana usumbufu." Hata hajamaliza, gauni lililokuwa kwenye cherehani lilishaanguka sakafuni. Fundi alimpakata mtoto, akampa dawa.

"Kohoa, mama," alimbembeleza. "Kohoa tu."