Taya ya Chini

Mwangangi alikuwa amemaliza D, A na L. Alikuwa ndio anaanza M wakati mashine ilipiga nduru kama kuku imekanyagwa, halafu ikanyamaza. Hivyo tu. Jumatatu asubuhi saa nne, chai yake hata haijapoa.

Sasa ujue kwanza hiyo mashine ni gani. Ni ule msumeno mdogo wa umeme, wembe wake mwembamba kama uzi, unapanda unashuka, unapanda unashuka, na wewe kazi yako ni kusukuma mbao polepole ukiizungusha. Inakata kona yoyote unataka. Herufi, maua, ndege, mpaka sura ya mtu. Pale Kabiria, kwa ile workshop ya mabati, watu waliiita cherehani, na kusema ukweli ukiisikia kwa mbali ungedhani kuna fundi wa nguo hapo ndani. Ilikuwa nzee. Nzee kabisa. Ilitoka Kitisuru kwa mwalimu mmoja mzungu alikuwa anarudi kwao, akawaachia Mwangangi na Dalmas kwa sababu haingeingia kwa ndege. Hiyo ni miaka kumi na tisa imepita.

Wembe wa hiyo mashine unashikwa pande mbili, taya moja juu na taya ingine chini, chini kabisa mvunguni mwa meza. Na hapo ndipo hao wawili waligawana kazi bila hata kukaa kikao. Mwangangi ni Mkamba wa Mwala, mrefu, mnene, goti moja limekataa kukunja tangu aanguke kwa paa. Dalmas Okinyi alikuwa Mjaluo wa Ugenya, mfupi, mwepesi, mdomo haufungwi hata akiwa na misumari kwa meno. Kila wembe ukikatika, Mwangangi anafungua ya juu, Dalmas anaingia mvunguni anafungua ya chini.

"Omera, kaa hapo juu kama chifu," Dalmas alikuwa anamwambia. "Wacha mimi niende kusalimia mende."

Miaka kumi na tisa. Misalaba na majeneza ya nusu ya Kawangware majina yake yalitoka hapo.

Na sasa Dalmas mwenyewe alikuwa mochari. Ini. Kutoka siku ya kwanza kulalamika tumbo mpaka kwisha ilikuwa wiki sita, hata watu wengine wa kanisa walikuwa hawajajua ni mgonjwa. Siku Mwangangi alienda kumuona mara ya mwisho, macho yalikuwa ya njano kama ya paka, lakini mdomo bado ulikuwa ule ule.

"Usikubali watu wa rangi waandike msalaba wangu," alimwambia. "Baba yangu waliandika jina na rangi. Mvua ya miaka miwili, kwisha. Sasa yeye na ndugu yake wamelala hapo na hakuna mtu nyumbani anajua ni nani ni nani. Mama yangu alikuwa analia kwa kaburi zote mbili, ndio asikosee."

"Nitakukatia," Mwangangi alisema.

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe. Na ile mvule yako."

Hiyo mvule ilikuwa mbao moja tu, Dalmas aliitoa kwao akaificha nyuma ya mlango, hataki iguswe. Herufi kumi na mbili zinatosha hapo bila hata moja ya ziada. Mwili ulikuwa unatoka mochari Alhamisi saa tisa mchana kuelekea Ugenya. Kwa hivyo Mwangangi alikuwa na siku tatu, herufi tisa, na mashine imekufa.

Utasema, si akate na msumeno wa mkono? Mikono, buda. Mikono yake ilianza kutetemeka miaka minne iliyopita. Kikombe anashika na zote mbili. Ni hiyo cherehani ndio ilikuwa inamficha, maanake mashine yenyewe inatetemeka kuliko yeye, na mbao ukiikandamiza kwa meza inatulia. Nje ya hiyo mashine Mwangangi si fundi. Hiyo siri ilijulikana na watu wawili, na mmoja alikuwa kwa friji.

Alipiga magoti nusu, akaangaza na simu mvunguni. Taya ya chini ilikuwa imepasuka vipande vitatu. Viwili aliviona, cha tatu kilipotelea kwa vumbi ya mbao. Akajaribu kufikia hapo ndani, goti likasema zii. Akainuka. Akafungua ile ya juu, nzima, inang'aa, akaifunga kwa kitambaa akaweka mfukoni. Aliona taya ni taya. Akipata ya kufanana na hiyo, si atakuwa amemaliza?

Kumbuka hapo.

Jumanne alishinda tao, katikati ya jiji. Kirinyaga Road ukitafuta spea ya kitu yoyote unatembea duka kwa duka ukiinua sample yako juu kama unahubiri. Wa kwanza alimwambia hiyo ni ya pikipiki. Wa pili akasema ni ya mashine ya kunyoa ng'ombe. Wa tatu alicheka tu akaita wenzake wakuje waone. Karibu saa saba akafika kwa kijana mmoja anaitwa Lenox, duka yake ni ya mlango mmoja, amekaa katikati ya vyuma mpaka huwezi jua mtu anaishia wapi.

Lenox aliigeuza mara mbili. "Mzee, hii mashine ilikuja na reli ama?"

"Iko ama haiko?"

"Haiko. Hata waliotengeneza nadhani wameshakufa. Unakata nini?"

"Jina."

"Jina tu? Si uende hapo nyuma wakukatie na laser? Dakika kumi, unakunywa soda, unaenda."

"Nilimwambia nitamkatia mimi."

"Ulimwambia nani?"

"Mwenye jina."

Lenox alimwangalia usoni, akaacha kucheka. "Pole, mzee wangu. Ni sawa. Kuna jamaa wa lathe hapo kwa kichochoro, mwambie ni mimi nimekutuma. Atakuchongea moja kama hiyo."

Jamaa wa lathe alichonga kutoka saa nane mpaka saa kumi na moja na robo. Aluminium. Alisema chuma kama ile ya zamani hana, hakuna mtu ako nayo. Lakini ilikuwa nzuri jameni, pacha kabisa na ile ya juu, ukizichanganya huwezi jua gani ni gani. Mwangangi alirudi Kabiria ameshika mfuko kama ameshika yai.

Jumatano asubuhi alilala chini. Alilala kabisa, tumbo kwa simiti, kwa sababu hakukuwa na njia ingine, na kwa mara ya kwanza tangu hiyo mashine ifike akaangalia mvunguni vizuri. Taya ya chini haikuwa kama ya juu. Haikukaribia hata. Ya juu inaning'inia kwa bolti. Ya chini inakaa ubavu, kwa pini, imekunja shingo. Kitu Dalmas angekuambia akiwa usingizini. Na yeye Mwangangi, fundi mzima, alikuwa amepoteza siku nzima akichongesha kitu ambacho tayari ako nacho.

"Wewe ni ng'ombe," alijiambia kwa sauti.

Halafu akafanya kitu hata mtoto wa polytechnic hawezi fanya. Hasira ilimshika, akaichukua ile pacha mpya akaanza kuipiga tupa, apunguze hapa, apunguze pale, mpaka ikaingia kwa ile pini kwa nguvu. Akafunga wembe. Akawasha. Ilizunguka pengine sekunde nne. Paap! Kipande kimoja kikapita karibu na sikio kikagonga mabati.

Peres, bibi ya Dalmas, alipiga simu hapo hapo.

"Baba Mukai, kamati ya mazishi inauliza mambo ya msalaba. Kuna mtu wa hapa mochari anaandika vizuri, anamaliza leo. Niwaambie?"

"Mama Jacky, usiwaambie kitu."

"Lakini iko?"

"Itakuwa."

"Unajua Dalmas alikuwa mtu wa maneno mengi tu. Kama angekuwa hapa hata yeye angekuambia usijisumbue."

"Hangesema hivyo," Mwangangi alijibu, na Peres alijua ni ukweli.

Akapiga picha vile vipande viwili vya taya ya zamani, akatumia Lenox kwa WhatsApp, bila maelezo. Tiki ikawa blue. Lenox akapiga mara moja.

"Mzee! Sasa ulileta ile ingine ya nini? Hii ndio naijua! Kuna buda mmoja hukuja hapa kila mwisho wa mwezi, miezi saba sasa, mashine yake ni kama yako. Yake iko na hii ya chini, ndio hubeba kunionyesha, imekosa ile ya juu. Anaitwa Kiema. Ako Kangemi."

Kangemi. Mtu angetembea na miguu kutoka Kabiria afike.

Alhamisi saa mbili asubuhi Mwangangi alikuwa mlangoni kwa Kiema, mvule kwapani, taya ya juu mfukoni. Kiema alikuwa mzee wa miaka sabini hivi, mkavu, kofia ya sufu, amezungukwa na ramani za Kenya za mbao zile watoto wa nursery hupanga kaunti kwa kaunti. Zote zilikuwa nusu. Turkana imekatwa, Marsabit imekatwa, kuanzia Kitui kushuka ni laini ya penseli tu.

Walisalimiana Kikamba, wakaulizana mambo ya mvua nyumbani, hakuna, halafu Kiema akasema, "Nionyeshe."

Mwangangi akafungua kitambaa. Huyo mzee alishika ile taya kwa vidole viwili akaivuta karibu na macho, na pumzi yake ikabadilika.

"Miezi saba," alisema. "Nimechongesha tatu. Zote zimepasuka."

"Yangu ilipasuka jana."

"Kwa hivyo tunaelewana. Wewe uko na ya juu. Mimi niko na ya chini. Hapa Nairobi kuna mashine moja, na iko kati yetu. Itakaa kwa nani?"

"Mimi nataka leo tu. Herufi tisa."

"Na mimi nataka siku zingine zote."

Mwangangi alidhani ni utani. Akacheka kidogo. Kiema hakucheka.

"Tunaweza tumia pamoja, mzee. Wewe wiki yako, mimi wiki yangu."

"Hiyo ya pamoja nilifanya na ndugu yangu wa tumbo moja. Hatujaongea tangu nyumba yake iingie stima, yangu ikabaki giza." Kiema alirudisha ile taya kwa kitambaa, akamsukumia taratibu. "Sikulazimishi. Hii ndio kazi najua. Shule tatu zinaningoja na mimi nawadanganya. Ukitaka kukata leo, kata leo, na hiyo inabaki hapa. Hutaki, chukua uende. Pole kwa marehemu. Alikuwa ndugu?"

"Alikuwa wa chini," Mwangangi alisema, halafu akaona hiyo haiwezi eleweka na mtu mwingine. "Tulifanya kazi pamoja."

Aliangalia saa kwa simu. Saa tatu kasoro. Alifikiria workshop ya Kabiria, ile cherehani yao imekaa hapo bila taya hata moja, na maagizo ya jeneza mbili za wiki ijayo, na mikono yake. Umri wake miaka hamsini na nane. Nani ataandika kazi mtu kama huyo, na kumfanyisha nini?

"Wembe uko?" aliuliza.

"Uko."

"Basi wacha nifunge. Chini nitafunga mimi."

"Na hilo goti?"

"Nitafunga mimi."

Akashuka. Ilimchukua muda, na Kiema alikuwa na adabu ya kuangalia kando. Alilala kwa ubavu kwa takataka ya mbao, akapapasa mpaka akapata ile pini, akaingiza wembe, akakaza. Ikatoka. Akaingiza tena. Mara ya tatu ikashika. Alipoinuka uso wote ulikuwa maji, na haikuwa jasho pekee, lakini Kiema alimpa tu kiti.

M ilitoka safi. A. S. Mvule ilikuwa ngumu, inanukia pilipili, na vumbi yake ilikuwa ya dhahabu. O aliikata polepole kama mtu anamnyoa mtoto. K ilimtesa pale kona za ndani. I, N, Y. Alipofika I ya mwisho alikata kidogo akaacha, akakata tena akaacha, na si mbao ilikuwa shida. Kiema alikuwa amekaa kwa stuli nyuma yake, penseli kwa sikio, na ramani ya kwanza tayari iko kwa magoti.

Saa saba kasoro kumi I ikaanguka mezani. Mwangangi akazima. Akasubiri wembe usimame kabisa. Hakuna mtu alimkumbusha makubaliano, lakini ile taya ya juu hakuigusa.

"Umekata vizuri," Kiema alisema.

"Haya."

Alikuwa hajafika barabarani mashine ikawashwa nyuma yake.

Mochari kulikuwa na watu wa kanisa, basi ya kukodi, na wimbo ulikuwa umeshaanza. Peres alikuja na msalaba mtupu ameushika kama fimbo. Hakumuuliza alikuwa wapi. Walikaa kwa ukingo wa simiti, binti yake Jacklyne akapaka gundi, shemeji mmoja akagonga vimisumari kwa sababu Mwangangi alisema leo macho yake hayaoni vizuri. Herufi tatu za Kabiria na tisa za Kangemi. Ukipitisha kidole huwezi sikia tofauti. Peres alipitisha kidole, kutoka D mpaka mwisho, halafu akarudia.

"Hii mvua haitoi," alisema.

"Haitoi."

Jeneza likaingizwa. Dereva akapiga honi. Watu wakaanza kugombania madirisha ya basi, na Peres akageuka.

"Asante sana, Baba Mukai. Sasa wewe rudi, najua kesho ni kazi."

Mwangangi aliangalia mikono yake, akaiweka mfukoni.

"Kuna nafasi moja kwa basi?" aliuliza.

"Iko. Lakini tunarudi Jumatatu. Na kazi je?"

"Hakuna kazi," alisema, akashika chuma ya mlango na mikono yote miwili, akapanda.