Jicho Langu na Ndevu za Hindi

Juzi nilirudi Songea kwenye msiba wa jirani yetu wa Mshangano. Sijakaa hata mkekani, mama mmoja akanishika kidevu mbele za watu: "Lete hilo jicho tulione." Ndugu yangu, hasira zangu zote za utotoni zikaamka.

Nilizaliwa na kinundu cheupe, kadiri ya punje ya mchele, pale weupe wa jicho la kulia unapokutana na weusi. Juu yake ukaota unywele mmoja. Kwa bibi aliyenilea, msimu wa mavuno tulishinda uani tukimenya mahindi huku makande yakitokota jikoni. Bibi akakata shauri kwamba ndevu za hindi zimeniingia jichoni zikaota mizizi. Nani ambishie? Mkulima anajua kinachoota. Akaung'oa ule unywele kwa kucha, ukarudi. Mwishowe nikakatazwa kumenya, nikawa nasikiliza hadithi zake kwa mbali, jikoni, nikichochea kuni.

Kila mgeni, akishaitikia shikamoo yangu, alitaka kulitazama jicho langu. Jirani aliyekuwa ananyonyesha alinikamulia maziwa humo. Tena ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa kwa kila mtu, maduka ya dawa yanachipuka mjini kama uyoga, na kila muuzaji ana tyubu yake. Nilipakwa zote. Shuleni nilikosea kunakili ubaoni, mwalimu akaniita mvivu. Neno hilo linaniuma mpaka leo.

Nilikuwa nakaribia kumaliza shule ya msingi alipopita mtaani kwetu daktari wa macho. Akalimulika.

"Bibi, hili si hindi. Ni uvimbe wa kuzaliwa nao, ngozi imeota mahali si pake, na unywele wake. Hutokea kwa nadra. Si saratani, hauui."

Bibi akashusha pumzi. Daktari akaniziba jicho la kushoto. "Unaona nini ukutani?"

Ukungu. Hata ukuta wenyewe sikuuona sawasawa.

"Angevalishwa miwani mapema, jicho lingejifunza kuona. Sasa tumechelewa."

Bibi hayupo tena, na ule ua umejengwa vibanda vya biashara. Miaka yote ile walilitazama jicho langu, hakuna aliyeuliza kama linaona. Siku ile bibi alinigeukia, macho yamemjaa machozi: "Mbona hukusema, mjukuu wangu?"

Ningesema nini? Nilidhani watu wote wanaonea jicho moja.